Malengelenge ya kinga ya mwili na karatasi ya damu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Unguja na Pemba

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Wete. Wagonjwa wa ngozi nimeshawaona wengi, lakini maradhi haya nilianza kuyaelewa sawasawa yalipompata mama yangu mzazi akiwa na miaka 74. Miezi mitano alitibiwa fangasi, kisha upele, kisha akakatazwa dagaa na pweza, mpaka alipotokea mtu mmoja akamkata kinyama cha ngozi kikapelekwe maabara. Maswali yaliyo hapa chini ni yale ninayoletewa na watoto na wajukuu wa wagonjwa, wengi wao wakiwa wameshika karatasi ya maabara na hawajui waiogope au waifurahie.

Mzee wetu ametoka malengelenge makubwa mwili mzima. Ni tetekuwanga?

Tetekuwanga huja na homa, huwa na malengelenge madogo, na humalizika kwa wiki mbili hivi. Mkanda wa jeshi hukaa upande mmoja wa mwili. Mtu akiungua kwa dawa, kwa mfano za salfa, malengelenge hutoka siku au wiki chache baada ya kuanza dawa. Malengelenge ninayoyazungumzia hapa huja na kurudi kwa wiki na miezi. Maana yake ni kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, imeigeukia gundi inayoshikanisha ngozi. Mama yangu nilipomueleza hivyo alinyamaza kidogo, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Sijapata maelezo mafupi kuliko hayo.

Yanaambukiza?

Hayaambukizi. Mpeni mkono, kuleni naye sahani moja, wajukuu walale naye. Wala si husuda ya jirani. Anayetaka kusomewa dua asomewe, dua haigombani na dawa, ila dawa isisimamishwe kwa ajili ya kombe.

Daktari mmoja kasema pemfigasi, mwengine kasema pemfigoidi. Si kitu kimoja?

Hata madaktari waliyachanganya mpaka 1953, pale daktari Walter Lever alipoonesha kuwa ni maradhi mawili. Tofauti ni mahali ngozi inapoachana.

Katika pemfigoidi, ngozi ya juu yote hubanduka kutoka kwenye sakafu yake. Kwa kuwa paa la lengelenge ni nene, lengelenge hukaa limevimba, limejaa maji, na halipasuki upesi. Huwapata zaidi wazee waliopita miaka 70, na mara nyingi hutanguliwa na mwasho mkali wa wiki au miezi. Mwasho huo ndio uliomponza mama. Kila aliyemuona alidhani ni upele.

Katika pemfigasi, chembe za ngozi zenyewe ndizo zinazoachiana. Paa huwa jembamba na hupasuka mapema, kwa hiyo unakuta michubuko mibichi kuliko malengelenge. Mara nyingi huanzia mdomoni, na huwapata hata watu wa miaka 40 au 50. Kabla ya dawa za steroidi, zinazotuliza kinga ya mwili kama vile prednisoloni, kuanza kutumika katika miaka ya 1950, wengi waliopata pemfigasi walifariki katika miaka michache. Leo wengi wanaishi, lakini bado ni maradhi ya kuheshimiwa.

Ulizeni jina kamili na mliandike. Majibu ya damu husomwa kwa kufuata jina hilo.

Karatasi ya damu inasema eosinofili za bibi ziko juu sana. Huo ndio uthibitisho?

Hapana, na hapa kwetu hasa. Hili ndilo jambo ninalolisema mpaka sauti inanikauka, kwa hiyo nivumilieni.

Eosinofili ni aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu. Kwa mtu mzima, kwa kawaida hazizidi 500 katika mikrolita moja ya damu. Kwenye pemfigoidi chembe hizi hukusanyika chini ya ngozi ya juu na kumwaga kemikali zinazosaidia kuibandua na kuleta mwasho. Karibu nusu ya wagonjwa wa pemfigoidi huwa nazo nyingi kwenye damu, na tafiti kadhaa zimeona kuwa zinapozidi, mara nyingi na eneo la ngozi lililoharibika huwa kubwa. Ndiyo maana daktari huzitazama anapotaka kujua maradhi yana nguvu kiasi gani.

Sasa fikirini tafiti hizo zimefanywa wapi. Nyingi ni za Ulaya, Uchina na Japani, kwa watu ambao hawakukua wakikanyaga matope ya mpunga miguu mitupu wala kuoga mtoni baada ya chuo. Sisi eosinofili hutupanda kwa safura, kwa kichocho cha mkojo, kwa vijidudu vya matende, hata kwa pumu. Pemba ni miongoni mwa sehemu za dunia ambako minyoo imechunguzwa sana. Maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi, Chake Chake, iliyofunguliwa 2000, imefanya kazi hiyo kwa miaka. Kwa hiyo mzee wa Micheweni mwenye eosinofili 1,800 anaweza kuwa na pemfigoidi kali, anaweza kuwa na minyoo tu, na anaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja. Karatasi ile haitakwambia ni kipi.

Kinyume chake pia hutokea. Nusu nyengine ya wagonjwa wana eosinofili za kawaida kabisa huku ngozi inawabanduka. Usimwambie mtu "damu yako safi, huna kitu" wakati shuka limemgandia mgongoni.

Namba hii ina faida pale unapomlinganisha mgonjwa na nafsi yake mwenyewe: ilikuwa ngapi kabla ya dawa, imekuwa ngapi baada ya kutibiwa minyoo, iko wapi baada ya miezi mitatu.

Kwa nini nesi alisisitiza damu itolewe kabla ya kidonge cha kwanza cha prednisoloni?

Kwa sababu prednisoloni huzishusha eosinofili katika saa chache tu. Ukipima kesho yake utakuta zimepungua sana, na utadhani maradhi yamekwisha kumbe ngozi iko vilevile. Dawa hiyohiyo huzipandisha nyutrofili, aina nyengine ya chembe nyeupe, na hapo mtu huanza kutafuta maambukizi yasiyokuwepo. Siku hizi wapo watafiti wanaogawa idadi ya nyutrofili kwa idadi ya limfosaiti, nazo ni chembe nyeupe za aina nyengine tena, wakisema uwiano ukiwa mkubwa maradhi nayo ni makali. Uwiano huo huvurugwa na prednisoloni na huvurugwa na kidonda kilichoingia vijidudu. Kama mgonjwa ameshaanza dawa, mwambieni mtu wa maabara, na tarehe ya kuanza iandikwe juu ya karatasi.

Tumeambiwa kuna kipimo cha kingamwili. Hicho kinasema nini zaidi?

Hicho kinakaribia zaidi chanzo chenyewe. Mwaka 1964 Ernst Beutner na Robert Jordon waligundua kuwa damu ya wagonjwa wa pemfigasi ina kingamwili, yaani protini zinazotengenezwa na kinga ya mwili, zinazoshambulia ngozi ya mwenyewe. Leo tunajua zinashambulia nini hasa. Kwenye pemfigoidi shabaha ni protini mbili, BP180 na BP230. Kwenye pemfigasi ni protini nyengine mbili, desmogleini 1 na desmogleini 3. Kipimo kinachoitwa Elisa huhesabu kiasi cha kingamwili hizo.

Kwa pemfigoidi, kingamwili za BP180 ndizo zinazokwenda sambamba zaidi na ukali: malengelenge yakizidi hupanda, mgonjwa akipata nafuu hushuka. Za BP230 husaidia kutambua maradhi, lakini hazifuatani na hali ya ngozi kwa uaminifu huo. Jambo jengine la thamani: zile za BP180 zikiwa bado ziko juu wakati wa kusimamisha dawa, uwezekano wa maradhi kurudi ni mkubwa, hata kama ngozi inang'aa.

Kwa pemfigasi, kingamwili za desmogleini 1 hufuatana vizuri na michubuko ya ngozi. Za desmogleini 3 huhusiana na vidonda vya mdomo, lakini hizo ni kaidi; mtu anaweza kupona kabisa, akala urojo na pilipili zake, na kipimo kikaendelea kuzionesha. Nimeshamuona mwanamke aliyerudi nyumbani analia kwa sababu ya namba hiyo ilhali hana kidonda hata kimoja. Namba ya mtu mmoja msiilinganishe na ya mwengine, na msilinganishe majibu ya maabara mbili tofauti, kwani kila moja hutumia kipimo chake na mpaka wake.

Kipimo hiki si cha kila hospitali. Kabla hamjakata tiketi ya boti, pigeni simu mjue kama kinafanyika huko muendako au sampuli yenyewe itasafirishwa kwengine, na bei yake. Na mgonjwa asicheleweshewe matibabu kwa kuisubiri namba hiyo.

Na vile vipimo vyengine, IgE, CRP, albumini?

IgE ni aina ya kingamwili inayopanda kwa wagonjwa wengi wa pemfigoidi. Minyoo nayo huipandisha sana, kwa hiyo yale niliyosema kuhusu eosinofili yarudieni hapa.

CRP huonesha kuwa mwili unawaka ndani, bila kusema moto uko wapi. Ikipanda ghafla kwa mgonjwa aliyekuwa anaendelea vizuri, mimi hutazama kwanza kama vidonda vimeingia usaha.

Albumini naipa uzito kuliko watu wengi wanavyoipa. Ni protini ya damu inayovuja pamoja na maji ya malengelenge, na hushuka zaidi kama mgonjwa hali chakula. Mzee mwenye albumini ya chini yuko katika hatari kubwa, hata kama vipimo vyake vyengine vinapendeza. Mpikieni mayai, samaki, maharage, kunde.

Basi ukali wa maradhi hupimwa kwa nini hasa?

Kwa macho, kwanza. Mgonjwa avuliwe nguo zote kwa staha, penye mwanga, atazamwe mwili mzima, mdomo, macho na sehemu za siri. Wataalamu wana jedwali la alama: la pemfigasi lilichapishwa 2008 na la pemfigoidi 2012. Hili la pemfigoidi linahesabu malengelenge na michubuko, linahesabu wekundu na vivimbe vya mwasho, linahesabu vidonda vya ndani ya mdomo, na jumla yake ya juu kabisa ni 360. Mwasho una hesabu yake pembeni.

Nyumbani hamhitaji jedwali. Hesabuni malengelenge mapya kila asubuhi, baada ya kumuogesha. Watafiti wa Ufaransa, katika utafiti mkubwa uliochapishwa 2002, waliihesabu pemfigoidi kuwa imeenea pale mgonjwa anapotoa malengelenge mapya zaidi ya 10 kwa siku, siku 3 mfululizo. Hesabu hiyo mjukuu wa darasa la tano anaiweza. Utafiti huohuo ulionesha jambo lililobadilisha matibabu: kwa wenye maradhi yaliyoenea, kupaka krimu kali ya steroidi iitwayo klobetasoli mwili mzima, gramu 40 kwa siku, kuliokoa maisha zaidi kuliko vidonge vya prednisoni, ndugu yake prednisoloni. Baada ya mwaka mmoja walikuwa hai asilimia 76 ya waliopaka na asilimia 58 ya waliomeza. Gramu 40 kwa siku ni tyubu nyingi, na gharama yake naijua. Lakini muulizeni daktari, kwani hata krimu pamoja na vidonge kidogo ni nafuu kwa mwili wa mzee kuliko vidonge vingi peke yake.

Kinyama cha ngozi kinakatwa cha nini, na kwa nini viwili?

Kwa sababu jibu la uhakika liko humo. Kimoja hukatwa penye lengelenge changa na kutiwa kwenye fomalini, dawa ya maji ya kuhifadhia nyama, hicho huonesha ngozi imeachana wapi. Cha pili hukatwa kwenye ngozi iliyo pembeni ya lengelenge, inayoonekana nzima, na hicho hutafutwa kingamwili zilizoganda kwenye ngozi. Hiki cha pili kikitiwa fomalini kimeharibika. Kinahitaji maji maalumu ya kuhifadhia, au chumvi ya dripu kama kitafika maabara ndani ya saa 24 hivi. Nimeshashuhudia sampuli ikivuka bahari mpaka Dar es Salaam ikiwa kwenye chupa isiyo yake, na mgonjwa akakatwa upya. Kwa hiyo kabla ya kuondoka ulizeni kwa adabu: "Hii chupa ya pili ina maji gani?" Hakuna daktari mwema atakayekasirika.

Kwa nini apewe dawa ya minyoo na mtu anaumwa ngozi?

Kuna mnyoo mdogo anaitwa strongiloidi. Huingia kwa kutoboa ngozi ya mguu na anaweza kuishi ndani ya mtu miongo mingi kwa sababu huzaliana humohumo, bila dalili yoyote. Mtu akianza prednisoloni nyingi, kinga iliyokuwa ikimdhibiti hulala, na mnyoo huyo husambaa mpaka kwenye mapafu na damu. Hapo mgonjwa anaweza kufa kwa minyoo akiwa anatibiwa ngozi. Choo kikipimwa mara moja mara nyingi hakionekani kitu. Ndiyo maana kwa watu wa mazingira yetu ni busara daktari atoe ivermektini kabla au mwanzoni mwa steroidi. Albendazoli peke yake ni dhaifu kwa mnyoo huyu. Wazee wetu wengi dawa hizi mbili wanazijua. Tangu 2001 ziligawiwa Unguja na Pemba nyumba kwa nyumba kupambana na matende.

Pamoja na hayo, kabla ya matibabu makubwa mgonjwa apimwe sukari, presha, kifua kikuu, VVU na homa ya ini B. Homa ya ini B ni lazima kabisa kama atapewa ritaksimabu, dawa ya sindano inayotumika kwa pemfigasi, kwani huiamsha iliyolala.

Mama ana sukari. Dawa zake zinaweza kuwa ndiyo chanzo?

Zinaweza. Dawa za jamii ya gliptini, kama sitagliptini, vildagliptini na linagliptini, zimehusishwa na pemfigoidi. Pelekeni pakiti zote, hata za presha na zile mlizonunua wenyewe dukani. Msiziache bila daktari. Pemfigoidi pia huwapata zaidi waliopata kiharusi au maradhi ya kusahau, na wagonjwa hawa hawawezi kujieleza, kwa hiyo anayewavisha ndiye macho yao.

Ngozi imekauka na damu imeshuka. Tuache dawa?

Tafadhali, msiache. Ngozi ndiyo hutangulia kupona, kingamwili hufuata nyuma kwa miezi. Na prednisoloni ina hatari yake ya pili: ukiimeza kwa wiki nyingi, mwili huacha kutengeneza homoni yake wenyewe ya aina hiyo. Ukiikata ghafla, mgonjwa huishiwa nguvu, presha hushuka, hutapika, na anaweza kufariki. Hupunguzwa kidogokidogo kwa ratiba ya daktari. Mkiona zimebaki vidonge vya siku tano, hiyo ndiyo siku ya kutafuta vyengine, kwani boti hughairi safari kukichafuka.

Na Ramadhani?

Mgonjwa mwenye malengelenge mabichi, anayepoteza maji na protini, ana ruhusa ya Mwenyezi Mungu kufungua na kulipa siku nyengine, au kutoa fidia kama hatarajii kupona. Wazee wetu hilo huwaumiza roho, nalijua. Mama alilia siku ya kwanza ya mfungo. Ilibidi aje shehe wa mtaa akae naye ukumbini, mimi sikusikilizwa. Yule ambaye maradhi yametulia na anameza dozi ndogo mara moja kwa siku, daktari anaweza kumruhusu ameze na daku. Mwenye sukari pia, sharti apangiwe.

Malengelenge tuyapasue? Tupake nini?

Lililojaa na kuuma, muuguzi hulitoboa kwa sindano safi pembeni na kuyatoa maji, lakini ngozi ya juu huachwa pale pale, ndiyo bendeji bora kuliko zote. Msipake dawa ya meno, majivu, wala mafuta ya taa. Shuka ligandalo lirowesheni kwa maji ya chumvi ya dripu kabla ya kulibandua. Hospitali kadhaa za India hufunika vidonda vya moto kwa jani la mgomba lililosafishwa kwa mvuke, kwani haligandi. Jani la shambani lisilosafishwa ni kitu chengine, hilo liacheni.

Mdomo una vidonda, hali kitu. Tumpe nini?

Boko boko laini, uji wa mtama uliopoa, mtindi, ndizi za nazi zilizopondwa, maji ya dafu. Aepuke ndimu, ukwaju, pilipili na chai ya moto. Mswaki uwe laini sana.

Lini tusisubiri kuche?

Homa au kutetemeka, usaha au harufu, kuchanganyikiwa, kukosa mkojo, macho kuuma na kuwa mekundu, kushindwa kumeza maji, choo cheusi kwa anayekunywa prednisoloni, au mguu mmoja kuvimba na kuuma ghafla. Pemfigoidi huongeza hatari ya damu kuganda. Yote haya ni ya usiku huohuo, hospitali ya Chake Chake, Abdalla Mzee au Mnazi Mmoja, popote palipo karibu.

Siku ya kliniki tuje na nini?

Daftari la skuli la kurasa 48. Ukurasa wa kushoto andikeni tarehe, malengelenge mapya ya asubuhi, mwasho kwa alama kuanzia 0 mpaka 10, na dozi ya siku hiyo. Wa kulia bandikeni karatasi za maabara kwa mpangilio wa tarehe. La mama yangu lilifika daftari la tatu. Mwanzoni malengelenge yalikuwa 23 kwa siku, na kwenye ukurasa wa mwisho ni sifuri kuanzia juu mpaka chini, kwa mwandiko wake mwenyewe.